Sentensi ya Siku ya Tisini

Asubuhi hiyo Mita alivaa viatu vyenye kelele, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili tutalifikia, wala halichelewi.

Viatu vyenyewe vilikuwa vyekundu, vya ngozi laini, na chini ya kila kisigino palipigiliwa kipande cha chuma chenye ukubwa wa ukucha. Soli alivishona kwa mkono wake. Na tukitaka kusema kweli yote, Soli alishona viatu vitatu. Viwili vya kwanza alivishona mwaka uliopita, siku zile alipokuwa bado anatumia unga wa kulevya, akamkabidhi mpenzi wake kwa fahari kubwa siku yake ya kuzaliwa, kumbe vyote viwili ni vya mguu wa kushoto. Mita alivivaa hivyo hivyo jioni nzima, akitembea kama bata aliyesahau jambo njiani. Cha tatu, cha mguu wa kulia, kilizaliwa wiki iliyopita, siku ya themanini na tatu ya matibabu, mikono ya fundi ilipokubali tena kushika sindano bila kutetemeka.

"Sasa una jozi moja na akiba," Soli alimwambia akimvalisha.

"Na hivi vyuma ni vya nini? Nitaonekana farasi."

"Nikusikie ukiwa mbali. Nikijua unakuja, nitakuwa nimeshafuta jasho."

Ndivyo ilivyokuwa. Leo, siku ya tisini, saa moja asubuhi, Mita aliingia kwenye korido ya zahanati, ko, ko, ko, na kabla hajafika kona alimwona Soli akiinuka kwenye benchi, anatabasamu, paji la uso kavu kabisa.

Mita alikuwa muuzaji wa duka la vitambaa, na jina hilo alipewa kwa sababu ya macho yake: akikutazama mara moja anajua unahitaji kitambaa mita ngapi na aibu yako inahitaji mita ngapi za kufunikwa. Alimpima Soli. Kifua kilikuwa kimeongezeka inchi mbili. Mashavu yalikuwa yamerudi kazini. Macho, yale macho yaliyokuwa yakimtazama kana kwamba yeye ni dirisha na kitu kinachotafutwa kiko nyuma yake, sasa yalimtazama yeye. Akajikuta anafunika mdomo, maana alikuwa karibu kucheka mbele za watu.

Wakakaa. Soli akamshika mkono.

"Mkono wako una baridi."

"Ni benchi."

"Benchi ndilo lililokushika mkono?"

"Nyamaza, watu wanasikia."

"Wasikie. Hapa kila mtu ana lake, hakuna wa kumcheka mwenzake."

Foleni ile ilikuwa na nidhamu kuliko paredi ya shule ya bweni siku ya ukaguzi wa kucha. Watu thelathini na ushee, kila mmoja na namba yake ya kudumu, wakisogea kuelekea dirisha la wavu ambalo nyuma yake alikaa mama mmoja mnene, mtoa dawa, aliyeitwa na wote Bi Sema. Jina hilo alilipata kihalali. Dawa ilikuwa ya maji, kikombe kidogo, inayotuliza mwili usidai unga. Mgonjwa anakunywa mbele yake, kisha Bi Sema anamwamuru: "Sema!" Na ni lazima useme sentensi nzima, maana walikuwapo waliokuwa wakiificha dawa shavuni, wakitoka nje wanaitema na kuiuza. Mtu hawezi kuzungumza na dawa shavuni. Amri ikitoka, mwingine anasema habari za asubuhi, mwingine anasema jua kali, na Bi Sema anaweka alama.

"Wewe huwa unasema nini?" Mita aliuliza.

"Upuuzi tu."

"Upuuzi gani?"

"Ukishaweka saini nitakuambia. Usiku wa kwanza tukiwa wenyewe huko."

Huko ni mji mwingine, mwendo wa siku nzima, ambako kiwanda cha viatu kilimwahidi Soli kazi kuanzia Jumatatu. Lakini mji ule haukuwa na dirisha kama hili. Ili aweze kwenda, ilibidi awe anapewa chupa za dawa za wiki nzima akanywe kwake, na zahanati haikumpa mtu chupa hizo mpaka atimize siku tisini bila kukosa, na siku ya tisini aje na mtu wake wa nyumbani, mzazi, ndugu, mwenzi au mchumba, wasimame pamoja dirishani na mtu huyo aweke saini kwamba anamjua na atakaa naye. Siku hiyo ikipita bila saini, unaanza kuhesabu tisini nyingine. Kazi ya kiwandani isingesubiri tisini nyingine. Isingesubiri hata tisa.

"Mama yako hakubadili moyo?"

Soli alitazama kofia aliyoishika magotini. "Jana nilimwomba tena. Akasema hawezi kumwekea saini mtu aliye ng'ambo."

Hapa lazima msomaji aelezwe jambo, akijikaza asicheke. Miezi minane iliyopita, Soli alipoanza kuuza vitu vya ndani kimoja kimoja, mama yake aliwatangazia majirani kwamba mwanawe amekwenda kusoma ng'ambo. Akabandika ukutani picha ya Soli aliyopigwa studio, amesimama mbele ya ndege iliyochorwa kwenye pazia. Tangu hapo Soli aliishi chumba cha nyuma, akitoka alfajiri na kofia usoni, mgeni katika mtaa aliozaliwa. Mita naye, alipoulizwa kwao, aliubeba uongo ule kama ulivyo na kuuingiza ndani.

"Huyo mchumba wako anasomea nini huko?" baba yake alimwuliza.

"Viatu, baba."

"Viatu vina chuo?"

"Ng'ambo kila kitu kina chuo."

Shangazi yake, dada mkubwa wa baba, akadakia: "Laiti wangenipeleka mimi nikasomee usingizi, leo ningekuwa profesa!" Wote wakacheka, na kuanzia siku hiyo Shangazi akawa msemaji mkuu wa mkwe wa ng'ambo, mtu ambaye hakuwahi kumwona ila kwenye ile picha yenye ndege.

Na ni mezani hapo hapo, wiki mbili baadaye, habari za kijana wa jirani anayetibiwa zilipotajwa, baba yake Mita alisema bila hata kuinua macho: "Teja haponi. Anapumzika tu. Nipe chumvi." Mita akampa chumvi.

"Ningekuja hata kama baba angekuwa amesimama mlangoni," alimwambia Soli sasa.

"Najua."

"Unajua nini? Sema."

"Umekuwa Bi Sema?" Soli alicheka, halafu akaacha. "Najua kwamba siku zote tisini nimeamka kwa sababu ya hii ya leo. Arosto ikinipiga, ile kiu ya unga, mifupa inataka kutoka nje bila ruhusa, najiambia: siku ya tisini atasimama pale na mimi. Hiyo tu. Hata kiwanda si kitu. Watu wakuone umesimama na mimi."

Mita aliufinya mkono wake. Dirishani, Bi Sema aliinua shingo juu ya miwani.

"Thelathini na moja! Huyo ndiye mtu wako?"

"Ndiye, Bi Sema."

"Binti, geuza shingo. Hebu kushoto." Akaangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kweli kipo. Haya, bado watu wawili, msiondoke."

"Kipo nini?" Mita alinong'ona.

"Upuuzi," alisema Soli, na masikio yakamwiva.

Hapo hapo, kutoka upande wa pili wa korido, ikasikika sauti.

"Mita! We Mita!"

Kliniki ya shinikizo la damu ilikuwa mlango wa tano kutoka dirisha lile. Shangazi alikuwa anakuja na mkoba wake, kitambaa kichwani kimefungwa kwa heshima zote, akipumua kama aliyekimbizwa.

Mita aliuachia mkono wa Soli kama mtu aliyeshika pasi ya moto. Mkono ulifanya hivyo wenyewe. Baadaye angejiapia hivyo mara nyingi, na asijiamini.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hujafungua duka? Unaumwa? Na mbona umekaa hapa?" Shangazi alishusha sauti mpaka kiwango alichokiita mnong'ono, ambacho kilisikika hadi getini. "Hujui hili ni dirisha la mateja? Hapa anapita mtu wa kwenu akuone, jina la baba yako liende wapi?"

"Nilikuwa... nimechoka, nikakaa kidogo."

"Na huyu?" Kidole cha Shangazi kilimwelekea Soli. "Huyu kijana ni nani? Amekushika mkono au macho yangu nayo yameanza?"

Soli hakusogea. Alikuwa mwembamba kuliko kwenye picha, na hapakuwa na ndege nyuma yake. Alimwangalia Mita tu. Yale macho hayakuomba kitu. Yalikuwa yamejaa uhakika, uhakika wa mtu aliyehesabu siku tisini moja moja, na uhakika ule ndio uliomtisha Mita kuliko kidole cha Shangazi. Neno moja lilihitajika. Alilijua. Alilifanyia mazoezi usiku mzima mbele ya kioo: mchumba wangu, mchumba wangu.

"Simjui," alisema.

Kisha Soli akavaa kofia yake.

"Samahani, mama," alimwambia Shangazi kwa upole. "Nilikuwa namwuliza dada saa."

"Saa! Akuambie saa, na mkono uondoke nayo!"

Watu wawili watatu kwenye foleni walicheka. Soli naye alicheka, kidogo, kama anayechangia.

"Thelathini na moja!" Bi Sema aliita. "Thelathini na moja na mtu wake!"

"Twende, mwanangu," Shangazi alimshika Mita kiwiko. "Hawa wanaiba hata kope. Njoo unishikie mkoba, naenda kupimwa presha, na kwa hili lililotokea nitaikuta imepanda mpaka darini."

Mita akaenda. Hatua ya kwanza viatu vililia, ko. Akaisikia sauti ile ikienda mpaka dirishani. Basi hatua ya pili akakanyaga kwa vidole, na ya tatu, na zote zilizofuata, visigino juu, korido nzima, ili visilie. Hakugeuka nyuma.

Kule ndani, Shangazi alipimwa, akapimwa tena. Mita alikaa na mkoba mapajani akijiambia: dakika tano tu, nitasema nakwenda msalani. Dakika tano zikapita, akajipa nyingine. Muuguzi alimkabidhi Shangazi vidonge vya mwezi.

"Usiache hata siku moja, mama. Hizi ni za maisha."

"Niache? Mimi bila vidonge vyangu kesho hamnioni!" Shangazi aliwatangazia wote kwenye benchi, na wote wakamwambia pole mama, pole sana, Mungu akuongoze. Hakuna aliyemwambia kwamba haponi, anapumzika tu. Mita alifumbua mdomo. Kisha akamfungulia Shangazi zipu ya mkoba, vidonge vikaingia.

Ilikuwa saa sita kasoro alipompakia Shangazi kwenye gari la kukodi na kurudi mbio, ko ko ko ko, bila aibu yoyote sasa, maana korido ilikuwa tupu. Benchi lilikuwa tupu. Bi Sema alikuwa anashusha pazia la wavu.

"Niko tayari kuweka saini," Mita alisema akihema. "Nipe kalamu."

"Tayari na nani?"

"Nitamtafuta. Nitamleta sasa hivi."

"Saini inawekwa mkiwa wawili, na dirisha linafungwa saa sita." Bi Sema hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. "Alikunywa dawa yake. Sikumnyima, ni haki yake."

"Alisema nini?"

Bi Sema akavuta daftari la shule kutoka kwenye droo.

"Faili lake ni siri, na hutaliona. Hili si faili, hili ni langu. Miaka kumi na minne nasikia watu wakiniambia jua kali, jua kali. Akaja huyu. Nikaanza kuyaandika maneno yake, nisije nikayasahau." Akalisukuma chini ya wavu. "Bora uyasome. Yalikuwa yako."

Mwandiko ulikuwa wa duara, wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo. *Siku ya kwanza: Sina la kusema. Siku ya tatu: Ninaumwa kila mahali isipokuwa kofia.* Kurasa zikafunguka. *Siku ya kumi na moja: Yupo msichana ana kidoti chini ya sikio la kushoto, na yeye mwenyewe hajawahi kukiona.* Mita akapeleka kidole shingoni bila kujua. *Siku ya arobaini: Alivaa viatu viwili vya kushoto jioni nzima asiniaibishe. Siku ya sitini na mbili: Akicheka anafunika mdomo, utadhani kicheko ameazima. Siku ya themanini na tatu: Kiatu cha kulia kimekubali. Siku ya themanini na tisa: Kesho anakuja, nawe Bi Sema usimtishe na hiyo sauti.*

"Leo alikunywa, nikamwambia sema," Bi Sema alisema. "Akanyamaza. Siwezi kumwacha aondoke bila kusema. Tukatazamana mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Nikamwuliza, mtu wako yuko wapi, yule binti? Ndipo akasema."

Mstari wa mwisho ulikuwa na neno moja.

*Siku ya tisini: Simjui.*

Mita alishika wavu. "Bi Sema, nisamehe."

"Mimi natoa dawa tu, mwanangu."

Mchana huo huo Mita alikwenda kwao Soli. Hakwenda kwa mlango wa nyuma kama ilivyokuwa desturi yao. Alisimama barabarani mbele ya majirani na kugonga mlango wa mbele. Mama yake Soli alifungua upana wa kiganja. Nyuma ya bega lake, ukutani, ile ndege ya pazia ilikuwa bado haijaruka.

"Namtafuta Soli, mama."

"Soli yuko ng'ambo."

"Mama, tafadhali. Mimi na wewe tunajua..."

"Tunajua nini?" Macho ya yule mama yalikuwa mekundu. "Alipita hapa saa nne, akachukua begi na zana zake. Nikamwuliza unakwenda wapi, akasema, mama, si umeshawaambia watu? Nakwenda ng'ambo." Sauti ilimkatika. Akaikunja, akairudisha mahali pake. "Basi yuko ng'ambo. Hata wewe ndivyo ulivyomwambia baba yako."

Na mlango ukafungwa.

Usiku ule Mita hakula. Baba yake alipomwuliza, alimweleza yote, kuanzia viatu vya kushoto mpaka daftari, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Shangazi alipiga kelele, baba akapiga meza, pakasemwa maneno makubwa kuhusu ukoo. Mita aliyasikia kwa mbali, kama mvua inayonyesha kwenye bati la jirani. Jana maneno hayo yangemwua. Leo hayakumfanya kitu, na ndipo alipotambua, kwa uchungu usio na machozi, jinsi kitu alichokiogopa kilivyokuwa kidogo.

Kesho yake saa moja kasorobo alikuwa wa kwanza kwenye benchi, mbele, karibu na dirisha, mahali ambapo kila apitaye angemwona. Wa kliniki ya presha walipita wakamwona. Mwenye duka lake alipita na mtoto wake mwenye kikohozi, akamwona, akageuza uso. Foleni ikasogea. Jua kali. Habari za asubuhi. Jua kali.

"Thelathini na moja," Bi Sema aliita.

Kikombe kidogo kilikuwa tayari kimejazwa, kimewekwa kwenye ukingo wa dirisha.

"Thelathini na moja!"

Mzee mmoja aliyekaa karibu na Mita alimgusa bega. "Binti, unamjua huyo anayeitwa?"

"Namjua," Mita alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa korido. "Ni mchumba wangu."

Watu waligeuka. Hakuna aliyecheka. Bi Sema aliita mara ya tatu, polepole, akasubiri, kisha akakivuta kikombe ndani na kukifunika.

Mita hakuondoka. Alikaa wima, magoti pamoja, akaanza kugonga kisigino sakafuni, cha kulia, kile kilichochelewa kuzaliwa. Alijiambia: nikimjulisha nipo, atafuta jasho, atakuja. Ko. Ko. Ko. Aligonga mpaka saa sita, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo wenyewe wameshahama.